Ulimi Uliotoboa Tumbo

Jumatatu, 2 Machi

Daftari hili nimepewa na mjukuu wangu. Kaniambia, "Bibi, ukikasirika andika, usipige kelele." Nimemjibu kwamba nina mkono na nina mdomo, na vyote vinafanya kazi kwa wakati mmoja. Kacheka. Sikukaa darasani hata siku moja. Herufi alinifundisha yeye huyu, meno ya mbele yakiwa yamemdondoka, akinigonga rula vidoleni nilipokosea kana kwamba yeye ndiye bibi. Sasa yuko maabara ya hospitali kubwa anapima damu na mikojo ya watu, na mimi naandika. Asiyependa mwandiko wangu asiusome.

Hasira ya leo ni ya binti yangu mkubwa. Tunamwita Hakimu, maana tangu utotoni hajasikia kesi asiitolee hukumu. Mdogo wake, mwanangu mwoka mikate, amekuwa akishika tumbo tangu mwezi uliopita. Asubuhi nimemkuta ameinama mbele ya tanuri, kaegemea ule mti wa kutolea mikate, jasho linamchuruzika. Nikadhani joto. Kumbe tumbo. Hakimu akaingia, hata mkoba hajautua, akasema, "Hivyo ni vidonda. Mawazo hayo. Mwenye amani nyumbani haumwi tumbo." Akamtazama mke wa ndugu yake, ambaye alikuwa anapaka trei mafuta. Mkamwana wangu hakusema neno. Akaendelea kupaka.

Nikamwambia Hakimu, "Nenda kwako ukapike." Akaenda, lakini neno lake alikwisha kuliacha, limekaa pale kama nzi juu ya unga.

Na niseme kweli, kimya cha huyu mkamwana nacho hakinipendezi. Miaka yote hii nyumba moja, sijui anachowaza. Mtu akinyamaza mno hujui kama anapika chakula au anapika jambo.

Jumatano, 4 Machi

Mvua ya kwanza. Paa linavuja juu ya meza ya kukandia. Nimeweka ndoo.

Mgongo nao unamsumbua mwanangu kwa magunia ya unga. Tangu mwaka mpya nampa vidonge vyangu vya goti, vile nilivyoandikiwa hospitali. Kimoja kila alfajiri, kabla hajawasha tanuri. Kasema mgongo umelegea. Kwa mama yake, mtoto hata akiota mvi ni mtoto.

Ijumaa, 6 Machi

Ndoo imejaa. Nimemwaga. Imejaa tena.

Jumapili, 8 Machi

Leo nitaandika mpaka wino uniombe msamaha.

Mjukuu alikuja kutuona. Alimtazama baba yake anavyokula kwa kusitasita, akaweka kijiko chini. "Baba, twende ukapimwe. Vidonda vingi vya tumbo vinaletwa na mdudu."

"Mdudu gani tena?"

"Bakteria. Anaishi tumboni. Akionekana, unakunywa dawa wiki mbili, basi."

Mimi nilikuwa nachekecha unga. Chekecheke likasimama hewani. Nikamwambia, "Rudia."

Akarudia.

"Na hasira za mke?"

"Bibi, hayo ya zamani. Zamani madaktari waliamini ni mawazo, pilipili na ugomvi wa nyumbani. Walisema tumbo lina asidi kali, hakuna kiumbe kinachoweza kuishi mle. Wakatokea wawili wakasema tumewaona wadudu, wako humo wanastarehe. Wakubwa wa udaktari wakawacheka. Mpaka mmoja akawanywa hao wadudu makusudi, tumbo likamwaka. Hata hapo ilichukua miaka watu kukubali."

"Wamekubali lini?"

"Kabla mimi sijazaliwa, Bibi."

Kabla hajazaliwa! Na hakuna aliyepita mtaani na kipaza sauti. Walipoamini ni ulimi wangu, mtaa mzima ulijua kabla jua halijazama. Walipogundua si ulimi wangu, wakaambiana wao kwa wao huko kwenye vitabu vyao, wakanywa chai, wakaenda kulala.

Marehemu mume wangu alikuwa fundi saa. Mtu mpole, vidole kama vya mkunga. Mimi nilikuwa nilivyo leo, sauti juu, moyo juu. Aliniita Pilipili, na alikuwa anapenda pilipili. Tumbo lilipoanza kumuuma tukaenda kwa daktari, huyu mstaafu ambaye watoto wanamwita Daktari Maziwa. Wakati ule alikuwa kijana, koti jeupe limepigwa pasi mpaka linakata. Akamminya mume wangu tumbo, akanitazama mimi. Akasema, "Huyu anahitaji maziwa na utulivu. Mama, punguza maneno nyumbani."

Nikapunguza. Nasema nikapunguza! Mwaka mzima nilizungumza kama mtu anayepita karibu na mtoto aliyelala. Mume wangu akaniambia, "Pilipili, nyumba imekuwa kaburi, niimbie hata nitukane." Sikumtukana. Nilimpa maziwa. Tumbo likazidi. Tukarudi kwa daktari, nikamwambia, "Nimenyamaza, mbona anaumwa?" Unajua alinijibu nini? Alisema, "Unanyamaza kwa hasira. Hasira ya kimya ni mbaya zaidi."

Mnaona? Nikisema, namtoboa. Nikinyamaza, namtoboa. Mtego gani huo ambao panya akiingia kanaswa na asipoingia kanaswa?

Alikufa anatapika damu, na saa za watu bado zinatembea kwenye benchi lake. Msibani mawifi zangu hawakunipa mkono. Mmoja akasema kwa sauti ili nisikie, "Ulimi wake ndio uliomtoboa tumbo." Nimetembea na sentensi hiyo mgongoni tangu nywele zangu zikiwa nyeusi. Leo mtoto niliyembeba kwa mgongo huohuo ananiambia ni mdudu, na anasema kama mtu anayesema kesho itanyesha.

Nikamuuliza, "Na mimi nani ataniomba radhi? Mdudu?"

Akanishika mikono yote miwili, yenye unga.

Jumatatu, 9 Machi

Bado nina hasira.

Ijumaa, 13 Machi

Mvua ilinyamaza kidogo, nikavaa viatu, nikaenda kwa Daktari Maziwa. Amezeeka. Amekaa barazani, blanketi magotini, glasi ya maziwa kwenye kigoda. Nilipoona ile glasi nusura niicheke.

"Karibu, Mama. Goti linasemaje?"

"Goti halikunileta, limenisindikiza. Nimekuja kwa mdudu wa tumbo. Unamjua?"

"Namjua. Nilisoma habari zake."

"Ulisoma ukafanya nini?"

"Nilianza kuwapa wagonjwa dawa zake, kama wengine."

"Na mimi? Nyumba yangu unaijua, unanunua mkate kwangu. Hukuona mlango?"

Akanywa maziwa yake taratibu, kama mtu anayetafuta neno chini ya glasi. "Mama, watu wengi wana huyo mdudu na hawaumwi hata siku moja. Kwa nini fulani aumwe na fulani asiumwe? Lazima kuna kinachomfungulia mlango. Mimi bado naamini ni mawazo. Ni maisha ya nyumbani."

Ndiyo hivyo. Uongo ukiufukuza mlangoni unaingia dirishani, umebadili kofia. Nikamwambia, "Daktari, wewe huna mgonjwa, una kesi. Na kesi yako ina mshitakiwa mmoja tu, mwanamke." Nikaondoka. Aliniita nichukue mwavuli wake. Nikalowa makusudi.

Jumatatu, 16 Machi

Tumbo limemkaza mwanangu, hakumaliza kutoa mikate, mkewe kamalizia. Nimempa vidonge viwili badala ya kimoja. Maumivu ni maumivu, hayaulizi yako wapi.

Jumamosi, 21 Machi

Hakimu ameitisha kikao. Katika nyumba yangu! Amemleta na Daktari Maziwa, kamkalisha kwenye kiti cha marehemu. Mjukuu alikuja moja kwa moja kutoka zamu ya usiku, macho mekundu. Mwanangu kajikunja pembeni. Mkamwana alileta viti, akakaa kwenye gunia la unga, mikono mapajani.

Hakimu akafungua: "Hatumlaumu mtu. Ila ndugu yangu anakonda. Tunaomba shemeji akapumzike kwao kidogo, nyumba itulie."

"Nyumba itulie na nini?" nikauliza. "Huyu kelele zake nani amezisikia? Paka wangu ana maneno kuliko yeye."

"Ndiyo hayo, Mama. Mtu akinyamaza hivyo, anamtesa mwenzake. Ni kimya cha kisirani. Daktari, sisemi kweli?"

Daktari akakohoa. "Kimya kina uzito wake."

Nikahisi damu inapanda mpaka kwenye nywele. Maneno yaleyale, tena kwenye kiti cha marehemu! Mjukuu akasimama. "Shangazi, apimwe kwanza. Kipimo hakina upande."

"Wewe unamtetea mama yako kwa vitabu."

"Na wewe unamhukumu bila hata kitabu kimoja."

"Mtoto huyu! Mama, unamsikia?"

"Namsikia," nikasema, "na akimaliza nataka aanze upya."

Nikapiga meza, ndoo ikamwagika. Nikasema mwanangu atapimwa, mdudu ataonekana, na siku hiyo kila aliyekaa hapa atamwomba mkamwana wangu radhi, kisha wataniomba na mimi, kwa miaka yangu yote. Niliapa. Mwanangu akasema, "Sawa, Mama, nitapimwa, mradi mnyamaze." Maskini, alitaka kulala tu.

Mkamwana aliinuka akaleta tambara, akapiga magoti kukausha maji. Nilimtazama kisogo chake nikafikiri: sema basi! Nasema kwa ajili yako mpaka koo linaniuma, na wewe unafuta sakafu?

Alhamisi, 26 Machi

Mwanangu ametakiwa kupeleka choo hospitali kwenye kikopo. Mtu mzima, baba wa familia, anazunguka nyumba na kikopo kama ameiba. Kamuuliza binti yake, "Ni lazima kiwe kimejaa?" Mjukuu kasema, "Baba, hatuuzi, tunapima." Nimecheka mpaka nikakaa chini. Hata mkamwana aligeuza uso ukutani, mabega yakamtikisika.

Jumatano, 1 Aprili

Hakuna mdudu.

Mjukuu alikuja mwenyewe na majibu, kalowa chapachapa. "Bibi, tumepima mara mbili. Hana."

"Pimeni tena."

"Hana, Bibi."

"Basi mashine yenu mbovu!"

Akanitazama tu. Nikasikia sauti yangu, nikajua niliisikia wapi. Ni sauti ya mtu ambaye ukweli lazima umfuate anapokwenda yeye. Nikanyamaza. Nilimchukia huyo mdudu kwa kutokuwepo kuliko nilivyomchukia kwa kuwepo.

Hakimu alifika kabla chai haijapoa. Nani anampelekea habari, upepo? Hakushangilia, namshukuru kwa hilo. Akasema polepole, "Umeona, Mama."

Ijumaa, 3 Aprili

Fundi wa paa kapanda. Kasema tundu halipo juu ya meza, liko upande wa pili kabisa, maji yanatambaa juu ya boriti mpaka hapa. Nimemwambia azibe, asinihubirie.

Jumapili, 5 Aprili

Mkamwana anafunga mizigo. Hakuna aliyemfukuza. Ndivyo wanavyofanya watu wa heshima. Hawakusukumi, wanasogea tu mmoja mmoja mpaka unajikuta uko peke yako, mlango uko nyuma yako.

Nilisimama pale chumbani. Alikuwa anakunja shuka, zake na zetu, kwa uangalifu uleule. Nikasema, "Huna la kusema?"

"Akipona, Mama, nitarudi."

"Na asipopona?"

Akafunga zipu ya begi.

Ningeweza kusimama mlangoni nikapanua mikono. Mwili ninao, sauti ninayo. Sikusimama. Kipimo kimesema hakuna mdudu, na mahali mdudu alipotoka palibaki pengo, na kwenye pengo lile nikaona, naandika hivi kwa ghadhabu, nikaona labda. Labda huyu na kimya chake. Labda.

Nimempa mkate wa njiani. Mkate! Kama mpita njia.

Jumatano, 8 Aprili

Nyumba imetulia kama walivyotaka. Unasikia unga unavyodondoka. Hakimu anapika, anatembea kwa ncha za vidole.

Jumamosi, 11 Aprili

Mwanangu amezidiwa. Nasema amezidiwa, na mke hayupo! Utulivu upo tele, tunakanyaga juu yake. Nikamuuliza Hakimu, "Haya, nielezee."

"Sumu ya mawazo haitoki kwa siku moja, Mama. Na sasa anamuwaza alivyoondoka."

Akiwepo, anamtoboa. Akiondoka, anamtoboa.

Nilishika ukingo wa meza. Mtego ni uleule, panya mwingine, na safari hii na mimi nilishika kamba. Nikamwambia Hakimu atoke jikoni kwangu kabla sijamtia kwenye tanuri. Alitoka analia. Ni mwanangu, nampenda, na sikumfuata.

Kesho nitamfuata mkamwana. Mwanangu akiamka vizuri. Nimempa viwili na kimoja cha kulalia.

Jumanne, 14 Aprili

Sikwenda. Nitaeleza.

Jumapili alfajiri nilisikia mti wa kutolea mikate umeanguka. Nikamkuta mwanangu amepiga magoti sakafuni mbele ya tanuri, ametapika kitu cheusi kama mashapo ya kahawa. Najua rangi hiyo. Nimeiona mara moja maishani, na sikuomba kuiona tena. Nikapiga ukelele ambao nadhani uliwaamsha wafu, wakiwemo mawifi zangu.

Hospitali wamemwekea damu. Wakamteremshia mpira wenye taa kooni, wakakuta kidonda kinatoka damu, wakakiziba. Mjukuu alikuwa amesimama na koti lake jeupe, hana tofauti na mtoto yeyote mwenye baba anayeumwa.

Daktari wao ni binti mdogo, uso bado una mashavu ya utoto. Akavuta kiti karibu na kitanda. "Mzee, unatumia dawa zozote za maumivu?"

"Hapana," mwanangu akasema. Kisha, "Vya Mama tu. Vya goti. Kwa ajili ya mgongo."

"Mara ngapi?"

"Kila alfajiri. Tumbo likiuma Mama ananiongezea."

"Unakula kwanza?"

"Mwoka mikate anakula saa ngapi, daktari? Nakula wateja wakiisha."

Nilikuwa nimesimama miguuni pa kitanda. Vidonge huwa navifunga kwenye pindo la nguo yangu nisivipoteze. Yule binti akaninyooshea kiganja, kwa adabu. Nikafungua fundo. Vidole vyangu havikutaka.

Akavitazama. "Bibi, dawa hizi ni nzuri kwa viungo. Lakini zinachubua tumbo. Kwa mtu asiyekula, kila siku, zinachimba. Vidonda vingi ambavyo havitokani na mdudu vinatokana na hizi."

Kikulacho ki nguoni mwako. Methali hiyo nimewatupia watu maisha yangu yote kama jiwe. Sikujua iko kwenye pindo langu mwenyewe, imefungwa fundo.

"Hukujua, Bibi," akasema.

"Usiniambie sikujua! Mliponipa mliniambia nile kwanza. Nikala. Kwa nini nile, hamkuniambia. Mngeniambia kwa nini, nisingempa mtu mwenye tumbo tupu. Mnatupa amri, sababu mnabaki nazo nyinyi!"

Hakujitetea. Akasema, "Kweli. Tulipaswa kukuambia." Nilikuwa tayari kwa vita, na mtu akikukubalia hivyo, hasira inabaki imesimama katikati ya chumba haina pa kukaa. Nikatoka kwenye ujia nikapiga ukuta teke. Goti linauma mpaka sasa. Vema. Liume bila kidonge.

Tumbo la mume wangu walisema nimelitoboa na hawakuwa na ushahidi wowote. Hili la mwanangu nimelitoboa kweli, kidonge kwa kidonge, huku nikimpapasa mgongo. Na katika watu wote waliotafuta mkosaji, hakuna hata mmoja aliyenitazama. Kwa nini wanitazame? Nilikuwa natenda kwa upendo. Na yule aliyekaa kimya akipaka trei, yeye ndiye waliyemfungia safari.

Jumatano, 15 Aprili

Hakimu kaja hospitali. "Kisirani cha yule mwanamke—"

"Ni mimi," nikamkata. "Ni vidonge vyangu. Daktari kasema."

"Mama, usijitwike mzigo usio wako."

"Ni wangu, nina fundo lake hapa."

"Lakini hata hivyo, Mama, mawazo nayo..."

Mungu wangu. Nina kidonge mkononi, na bado anatafuta mke! Nikamwambia, "Binti yangu, nakupenda kama roho yangu. Ukimtaja mkamwana wangu tena, nitakutandika hapahapa, na wauguzi wako karibu."

Akakaa kwenye benchi. Akauliza kwa sauti ndogo, "Kwa hiyo Baba nani alimuua?" Alikuwa bado msichana wa shule, yule mtoto, aliposikia maneno ya mawifi zangu. Kumbe na yeye ameyabeba. Nikakaa karibu naye. Sikuwa na la kumpa isipokuwa bega.

Ijumaa, 17 Aprili

Nimekwenda kwao mkamwana. Mvua, matope mpaka kwenye vifundo vya miguu. Nilimkuta anafua. Sikungoja kukaribishwa. Nikamwambia yote, nimesimama, kuanzia fundo mpaka damu. Akaacha nguo zikaelea kwenye beseni.

"Anaendeleaje?"

"Anakunywa uji. Anakuulizia."

Akakausha mikono kidole kwa kidole. "Mama, na wewe uliamini ni mimi?"

"Kidogo."

"Kidogo kiasi gani?"

"Kiasi cha kukuacha ukafunga zipu."

Nikasema, "Na wewe, mwanamke, mbona hukujitetea? Miaka yote hiyo unaishi kama umemeza kufuli!"

Hapo ndipo aliponitazama usoni, nadhani kwa mara ya kwanza. "Umesahau, Mama? Siku niliyoletwa kwako ulinishika mkono ukanipeleka nyuma ya tanuri. Ukaniambia, 'Mwanangu, ukoo huu una matumbo mepesi. Funga mdomo wako, wasije wakakuita walivyoniita mimi.' Nikafunga."

Nilikuwa nimesahau. Naapa nilikuwa nimesahau kabisa.

"Nyumbani kwetu," akasema, "mimi ndiye niliyekuwa na kelele kuliko wote. Muulize mama yangu."

Mama yake, aliyekuwa mlangoni, akasema, "Tulipomwoza majirani walitupongeza."

Nikacheka huku nalia, jambo ambalo ni baya kwa umri wangu. Yule daktari alinitwika uongo, na mimi nikaufunga vizuri nikampa binti wa watu kama zawadi ya harusi. Nikamwambia, "Fungua mdomo wako, mwanangu. Na anza na mimi."

Hakuanza siku hiyo. Ila alipaki begi lake kwa kulitupia vitu, na shuka hakuikunja.

Ijumaa, 24 Aprili

Daktari Maziwa alikuja dukani kununua mkate, mwavuli mkononi. Alikuwa amesikia. Watu waliokuwa wananunua wakasogea kidogo, maana wananijua.

"Umeona, Mama, haikuwa mdudu," akasema.

"Wala haikuwa mke."

"Wala haikuwa mke," akakubali.

"Basi niambie la mume wangu. Alikuwa mdudu? Alikuwa vidonge? Alikuwa mimi? Sema mbele ya watu hawa."

Alifikiri sana. Niliona anapita kwenye vitabu vyake vyote, anafungua, anafunga.

"Sijui," akasema. "Sikuwa na kipimo. Sikujua wakati ule na leo siwezi kujua."

Nilikuwa nimejitayarisha kwa kila jibu ila hilo. "Daktari," nikamwambia, "neno hilo ni dogo, hata mtoto analiweza. Ungelisema siku ile, ningeimba mwaka ule mzima. Mume wangu angekufa akisikia sauti yangu. Ulishindwa nini?"

"Nilikuwa kijana, nimevaa koti jeupe," akasema. "Mlikuja mnataka jibu."

Sikumsamehe. Naliandika hili wazi, nisije nikasomwa vibaya. Lakini nilimfungia mkate wake vizuri, kwa sababu kulikuwa na mvua, na nilimwambia aende kwa mjukuu wangu apimwe hilo tumbo lake la maziwa. Akasema amekwisha kupanga siku.

Jumamosi, 9 Mei

Jua. Ndoo nimeigeuza, nimekalia.

Mwanangu amerudi kwenye tanuri, nusu siku. Anakula kabla ya kuwasha moto. Mkewe anasimama juu yake mpaka ameze. Vidonge vyangu viko kwa mjukuu, kanipa dawa ya kupaka inayonuka kama duka la rangi.

Leo asubuhi nilimwaga maji ya chumvi kwenye kinyunga, ule unga uliokandwa, kabla ya wakati, kidogo tu. Mkamwana akageuka. "Mama! Nimekuambia mara ngapi usiguse kinyunga changu? Mkono wako huo umekwisha kuharibu ya kutosha mwaka huu!"

Wateja wakatazama viatu vyao. Mwanangu akasimama na mti wake hewani.

"Kinyunga chako?" nikasema. "Tanuri hili limejengwa wewe hujajua kupenga kamasi!"

"Na limeanza kutoa mkate unaolika nilipokuja mimi!"

Ana sauti, huyo mwanamke! Inatoka tumboni, inagonga bati na kurudi. Hakimu, aliyekuwa mlangoni na kapu, akafumbua kinywa kutoa hukumu, akafikiri, akakifumba. Tukaendelea mpaka mikate ya pili ilipoiva, tukarushiana ya mwaka huu na ya miaka iliyopita, na katikati ya zogo lile mwanangu akavuta kigoda, akachukua mkate wa moto, akaula wote, na ganda lake, akaomba mwingine.

Nilimtazama anavyotafuna. Kama kelele zingekuwa zinatoboa tumbo, leo huyu angekuwa chekecheke.